Mdomo wa Dursun

Nezahat alikuwa jikoni kwake Samatya, mtaa wa Istanbul, ghorofa ya kwanza, anakaanga mbilingani na kukigeuza kipande kimoja kimoja kwa uma, Dursun alipoingia kwa roshani. Mlango wa mbele ulikuwa umemshinda tangu siku ya kwanza, kwa ajili ya mabawa. Yalikuwa mabawa ya maboksi yaliyogundishwa manyoya ya bata, mapana kuliko kabati la vyombo, na kila alipogeuka yaliangusha kitu.

"Taratibu, Dursun," Nezahat akasema bila kumtazama. "Leo nimefua vitambaa vya viti. Ukiniachia rangi tena nitakukalisha sakafuni."

Dursun akafungua mdomo. Ikatoka sauti nyembamba ya mtoto wa kike: "Bibi harusi, nimefika! Nipeni keki!"

"Umefika, nimeona. Kaa."

Akatandika gazeti juu ya stuli, Dursun akakaa upande ili mabawa yapate pa kupumzika. Alikuwa mwanamume wa miraba minne mwenye sharubu nene, amepakwa rangi ya kijani kutoka utosini hadi kiunoni, na chini amevaa suruali ya kubana ya watu wa sarakasi. Alikuwa amekufa zaidi ya miaka arobaini iliyopita. Nezahat akammiminia chai katika kigilasi, akatia donge moja la sukari, kwa kuwa ndivyo midomo ya Dursun ilivyoomba, na Nezahat alisoma midomo kama wengine wanavyosoma vibao vya maduka. Sauti ya Dursun ilikuwa moja tu, ile ya keki. Midomo ndiyo iliyosema mambo yake mwenyewe: sukari moja, leo kuna baridi, huyu paka wa nani.

Dirisha la chini likafunguliwa. "Dada Nezahat!" akapiga kelele Bi Pakize, jirani. "Huyo mgeni wako mwambie akipita juu ya nguo zangu ainue miguu! Shuka limekuwa kijani tena!"

"Samahani, Pakize, nitamwambia!"

"Umesema hivyo juzi!"

Bi Pakize hakuuliza mgeni ni nani. Samatya ni mtaa wa siku nyingi, kila nyumba ina wageni wake, na shuka ni shuka.

Kabla ya kuondoka, Dursun alimgeukia Nezahat kama alivyofanya kila jioni, akasema lile lile moja. Sauti ikaomba keki. Midomo ikasema: mwambie mwanangu sikunywa. Nezahat akaanza kuosha sufuria, na sufuria yenyewe ilikuwa safi.

Dursun alianza kuja vijana walipoigundua filamu. Iliitwa Harusi ya Zuhura, na ubovu wake ulikuwa kamili, hauna hata tundu la kupitisha hewa. Mfalme wa sayari ya Zuhura alikalia kiti cha kinyozi kilichofunikwa karatasi ya fedha ya kufungia nyama. Bunduki za miale zilikuwa mashine za kukaushia nywele, nyaya zikiburuzwa chini pamoja na plagi zake. Askari waliouawa mwanzoni walirudi katikati wakauawa tena, na mmoja wao alitazama saa yake ya mkononi kabla ya kufa, maana alikuwa na miadi. Ilipotoka ilioneshwa siku chache katika sinema za mikoani, watu wakaipopoa kwa maganda ya alizeti, ikasahaulika. Miaka ikapita, nakala yake ikaonekana katika ghala la mtu, vijana wakaitia mtandaoni, na Istanbul nzima ikaumia mbavu.

Kipande kilichopendwa kuliko vyote kilikuwa cha popo-mtu anayeruka kutoka juu ya ukuta wa ngome. Kwanza inaonekana kamba. Kamba nene ya katani imefungwa mgongoni kati ya mabawa, wala hakuna aliyejisumbua kuificha, na hapo ukumbi wote hupiga kelele, "Kamba! Kamba!" Kisha jitu la kijani lenye sharubu linaning'inia hewani, linatapatapa, limetoa macho, na kinywani mwake inatoka sauti ya mtoto wa miaka sita: "Bibi harusi, nimefika! Nipeni keki!" Ukumbi hurusha vipande vya keki. Popo-mtu anashuka ghafla nje ya picha, na watu wa Zuhura wanaanza kucheza ngoma ya harusi.

Sauti ile ilikuwa ya Nezahat.

Siku zile filamu za mji ule zilipigwa bila sauti. Uwanjani alikuwepo mtu wa kusoma maneno kwa kelele, waigizaji wakimfuatisha kama watoto wa chuoni, na baadaye, katika chumba kilichotundikwa mazulia ukutani, watu watano au sita wakasimama mbele ya kipaza sauti kimoja wakawapa sauti wote walioonekana. Nezahat, wakati huo binti wa miaka ishirini na kitu, alipewa watoto, vikongwe na mbuzi. Bwana aliyetakiwa kumpa popo-mtu sauti siku ile hakuja, jino lilikuwa limemlaza. Bwana Necdet, ambaye filamu ilikuwa yake kuanzia mashine hadi maboksi, akamtazama Nezahat, akasema, "Mpe wewe."

Kipande kikazungushwa ukutani mara ya kwanza na ya pili. Mtu wa kazi ile hujifunza kusoma midomo apende asipende, na midomo ya Dursun ilikuwa wazi kabisa. Ilisema: Kaka Necdet, kamba inakatika! Nishushe!

"Bwana Necdet," Nezahat akasema, "huyu anakuita wewe."

"Nani ananiita?"

"Huyu hapa. Anasema kamba ina..."

"Huyu hasemi kitu." Bwana Necdet alikuwa na sauti ya upole, hakuwahi kumfokea mtu. "Filamu haina sauti, dada. Anayesema ni wewe. Mdomo unacheza, upe neno tuendelee."

Kila mtu chumbani alijua kwamba Dursun alikuwa amezikwa Ijumaa iliyopita. Walijua pia alivyokufa, kwa sababu Bwana Necdet alikuwa ameeleza polisi, na wenzake uwanjani walikuwa wameitikia kwa vichwa: kwamba mtu wa kuangushwa, yaani yule anayelipwa aanguke badala ya waigizaji wenye sura nzuri, alikuja kazini amelewa chakari, akaruka kabla hajaambiwa, na kamba ilikuwa nzima kama siku iliyosokotwa. Nezahat mwenyewe alikuwa ameyaamini maneno hayo hadi dakika ile. Sasa alikuwa akitazama mtu mwenye akili zake timamu anaomba ateremshwe, naye aliyeombwa amekaa pembeni anakoroga kahawa.

"Tena kesho pitia ofisini," Bwana Necdet akaongeza. "Tuzungumze filamu ijayo. Sauti ya binti mwenyewe, mhusika mkuu. Au hujachoka na mbuzi?"

Nezahat alikuwa amechoka na mbuzi.

Akatafuta maneno yatakayoujaza mdomo ule, yenye kufumba na kufumbua palepale unapofumba na kufumbua, akayapata, akayasema kwa sauti ya kitoto. Yalikaa barabara. Watu chumbani wakacheka. Yeye pia alicheka, kidogo tu, na kicheko hicho ndicho kilichomkaa rohoni kuliko yote yaliyofuata. Baada ya hapo alikuwa sauti ya warembo kwa miaka mingi, akalia kwa niaba yao, akaolewa kwa niaba yao, na nyumba ya Samatya, na roshani yake, ilitokana na warembo hao. Wahenga husema njia ya mwongo ni fupi. Ya Bwana Necdet ilitandikwa zulia jekundu, na Nezahat alitembea nyuma yake akishika pindo.

Mwanzoni mwa majira ya kupukutika majani alipigiwa simu na binti mmoja aitwaye Ekin, mkuu wa chama cha wapenzi wa filamu mbovu, huko Kadıköy upande wa pili wa maji.

"Shangazi Nezahat, tunaionesha Harusi kwenye ukumbi mkubwa. Bwana Necdet amekubali kuja. Nawe tunakuomba, kikifika kile kipande tunazima sauti, unasema wewe mwenyewe, papo hapo, kwa maiki. Watu watazimia!"

"Mwanangu, nikuulize. Mnapenda nini kwenye uchafu ule?"

Ekin akafikiri. Alikuwa mtoto wa watu mwenye adabu, na swali alilichukua kwa uzito. "Filamu nzuri, shangazi, inajua kila kitu. Unakaa mbele yake kimya kama mbele ya daktari. Hii haijui kitu. Kila mtu humo ndani anajitahidi hadi jasho linaonekana. Unamwona mtu kabisa, siyo mwigizaji. Tunacheka, ndiyo, lakini wallahi hatucheki kwa ubaya. Yule popo-mtu mimi nampenda kuliko ndugu zangu."

Nezahat akaona haya. Ilikuwa haya hasa, ile inayomfanya mtu atazame ukuta wake mwenyewe kama wa mwingine. Akasema atakuja.

"Na kuna jambo zuri zaidi," Ekin akasema. "Tumempata binti wa marehemu!"

Binti huyo aliitwa Songül, mpishi wa shule moja Gebze, mwanamke wa miaka arobaini na kitu mwenye mabega ya baba yake. Alikuja Samatya siku mbili kabla ya onesho, mchana, amebeba mkate wa tabaka wenye jibini ndani ya kitambaa, akaubusu mkono wa Nezahat na kuuweka kipajini, akakaa kwenye stuli ileile.

"Hapa pana rangi, shangazi."

"Ndiyo. Haitoki hiyo."

Songül akaeleza kwamba alikuwa mchanga wa mgongoni baba yake alipokufa. Sauti yake hakuwahi kuisikia. Watoto wake walimwonesha kile kipande kwenye simu, wakicheka, yeye akawaambia huyo ni babu yenu, wakacheka zaidi. "Sikuwakasirikia. Kinachekesha. Hata mimi nilicheka. Ila mama, Mungu amrehemu, hadi anakufa hakutaka jina lake litajwe nyumbani. Kwenye picha ya harusi alimkata kichwa kwa mkasi. Alikuwa akisema, mwanamume mwenye mtoto mchanga akaenda kazini na chupa, huyo hakufa, huyo alitutupa." Akapangusa mezani mahali palipokuwa pasafi. "Shangazi, wewe ulifanya nao kazi. Ni kweli alikunywa?"

Jua lilikuwa limefika kwenye ukingo wa roshani. Nezahat alijua kwamba bado kidogo tu mabawa yataonekana, na maneno yote aliyoyahitaji yalikuwa mdomoni, mafupi, yasiyozidi pumzi moja. Lakini angemwambia, ingebidi amwambie pia amejua tangu lini. Tangu kabla hujaanza kutambaa, mwanangu. Tangu mama yako alipokuwa hajashika mkasi.

"Mimi ngomeni sikuwepo," akasema.

Ilikuwa kweli tupu. Songül akashukuru, na Nezahat akamhimiza awahi treni kabla watu hawajajaa, akamfungia na ndimu za kuchukua, akamsindikiza hadi chini. Aliporudi Dursun alikuwa tayari amekaa, anautazama ule mkate wa tabaka.

"Kapika mwenyewe," Nezahat akamwambia. "Kula."

Dursun hakula. Alikuwa hali chakula tangu alipokufa, chai tu. Akaugusa kwa kidole, ukabaki na alama ya kijani, na Nezahat akalia pale jikoni kwa sauti yake mwenyewe, ambayo hakuizoea. Ndipo alipopata wazo. Maisha yake yote alikuwa hajasema neno zito isipokuwa kwa kinywa cha mtu mwingine, akisimama gizani mbele ya kipaza sauti. Basi atasimama hapo hapo. Kipande kitakuja, sauti itazimwa, naye atampa Dursun maneno yake mwenyewe mbele ya watu wote, na mbele ya Songül, na mbele ya Bwana Necdet, na hatalazimika kumtazama yeyote machoni.

"Jumamosi," akamwambia Dursun, "nitakusemea."

Dursun akaomba keki, lakini midomo yake ilicheka.

Jumamosi saa kumi alasiri mbele ya ukumbi wa Kadıköy palijaa popo-watu. Wavulana kwa wasichana walikuwa wamejipaka kijani, wamejigundishia sharubu na mabawa ya maboksi, kila mmoja na kipande cha kamba kinaning'inia mgongoni, na wenye mavazi waliingia bure. Dursun akaingia bure. Alikuwa amekuja kwa njia yake, juu ya maji, na manyunyu yalikuwa yamemlowesha, rangi ikimtiririka. Kulikuwa na mashindano ya mavazi kabla ya filamu. Waamuzi walimpa Dursun nafasi ya tatu. Walisema mabawa ni mazuri sana lakini sharubu amezidisha. Akapewa bilauri yenye picha ya mfalme wa Zuhura, akaishika kwa mikono miwili.

Bwana Necdet alifika na fimbo na skafu nyeupe, mzee msafi anayenukia limau, akapigiwa makofi kuanzia mlangoni. Akambusu Nezahat mashavu yote mawili.

"Dada Nezahat! Hujazeeka, shetani wewe. Bado una ile sauti ya kitoto?"

"Tutaona, Bwana Necdet."

Jukwaani akaulizwa siri ya filamu zake ni nini. "Moyo," akasema. "Hatukuwa na fedha, hatukuwa na waya wa chuma, kamba tuliokota bandarini kwa wapagazi. Lakini moyo tulikuwa nao." Vijana wengine walilia, kwa kupenda. Songül, mstari wa tatu, alipiga makofi. Nezahat alisikia vizuri kabisa kwamba mtu huyu ametaja kamba ya kuokota mbele ya watu mia nne, na hakuna aliyesikia.

Filamu ikaanza. Mashine za nywele zikafyatuliwa, askari akatazama saa yake, ukumbi ukaisema kila sentensi pamoja na waigizaji kama watu wanaoitikia dua. Nezahat alikuwa amesimama pembeni mwa kitambaa cha sinema, gizani, maiki mkononi. Ukuta wa ngome ukatokea. Ikaonekana kamba. "Kamba!" ukumbi ukapiga kelele. "Kamba! Kamba!" Sauti ikazimwa. Dursun wa kwenye kitambaa akafungua mdomo, na Nezahat, si kwa sauti ya kitoto bali kwa sauti yake ya kikongwe, ya kukwaruza, akasema:

"Kaka Necdet, kamba inakatika! Nishushe!"

Neno na mdomo vilikutana kwa usawa ambao haukuwahi kutokea mahali popote katika filamu ile. Kwa kitambo kidogo ukumbi ulinyamaza, na Nezahat akadhani, ee Mungu, wamesikia.

Halafu wakalipuka.

Walicheka hadi viti vikalia. Walicheka wakiwa wamelaliana mabegani, wakirusha keki, wakirusha kofia, wengine wakipiga magoti. Kikongwe ametia kamba ndani ya maneno! Amemtia na Necdet mwenyewe! Lo, huyu bibi ni moto! "Rudia! Rudia!" wakapaza, na mtu wa mashine akakirudisha kipande, na Nezahat akarudia, kwa kilio mara hii, kwa nguvu zote, akiamini kwamba kilio kitawaonesha. Wakarudia naye, mia nne kwa pamoja, "Kaka Necdet, kamba inakatika! Nishushe!" Bwana Necdet, mstari wa mbele, alikuwa anacheka hadi anapangusa macho kwa skafu. Aliinua kidole gumba kuelekea gizani alikosimama Nezahat. Kama kulikuwa na kingine chochote usoni mwake, mwanga wa Zuhura haukutosha kukionesha.

Nje, vijana walipanga foleni wapige picha na Nezahat. Ekin alimkumbatia. "Shangazi, umeiokoa filamu kwa miaka arobaini mingine."

Songül akaja na macho mekundu. "Nimecheka hadi nimelia, shangazi. Hata kama alikuwa mlevi, ona alivyowafurahisha watu. Mama angekuwepo, labda angemsamehe kidogo." Kisha akatupa jicho pembeni ya mlango, kwenye taa, akaona popo-mtu mmoja mwenye mabega mapana, ameshika bilauri. "Hebu mtazame yule! Kampatia baba kabisa. Mdogo wangu! Njoo tupige picha!"

Dursun akaja. Alikuwa na miaka ishirini na saba, na mwanawe alikuwa mkubwa kwake kwa zaidi ya miaka kumi na tano. Akasimama ubavuni pake, hakujua aweke wapi mkono, hadi Songül alipouchukua mwenyewe akauweka begani. Ekin akapiga picha. Dursun akamgeukia binti yake, akafungua mdomo, na sauti iliyotoka haikuwa tena ya kitoto. Ilikuwa ya kikongwe, ya kukwaruza: "Kaka Necdet, kamba inakatika! Nishushe!"

"Ameshaijua! Muda huu huu!" Songül akacheka akampiga kofi la mgongo, manyoya mawili yakadondoka. Lakini alikuwa binti wa mtu, na akaona kitu. "Mbona midomo yake inakwenda kwingine? Shangazi, wewe ndiye fundi wa midomo. Anasema nini huyu?"

Midomo ya Dursun ilikuwa chini ya taa, wazi kama ilivyokuwa ukutani siku ile. Ilisema: mwanangu, sikunywa. Ikarudia. Bwana Necdet alikuwa hatua chache tu, anamsainia mtu bango, na watu wote walikuwa wamemgeukia Nezahat kwa nyuso za mapenzi, wakisubiri.

"Anasema," Nezahat akajibu, "amefurahi kukuona."

"Nami nimefurahi, mdogo wangu," Songül akamwambia baba yake. "Jifute hiyo rangi, utapata mafua."

Akawahi treni ya Gebze. Dursun akabaki chini ya taa anamtazama Nezahat, na Nezahat akatazama tiketi ya kivuko mkononi mwake hadi watu walipoisha.

Wiki iliyofuata maneno mapya yalikuwa yameenea mji mzima. Madereva waliyasema kwenye foleni, watoto wa shule ya jirani waliyasema wakishuka ngazi, na mtu mmoja aliyachapisha kwenye fulana, kijani kwa nyeupe. Songül alinunua mbili. Moja akaivaa kazini. Nyingine ikaja Samatya kwa posta, kubwa, ya kiume, pamoja na nakala ya ile picha iliyopigwa mlangoni, na ujumbe kwamba fulana za kike zilikuwa zimekwisha, aitumie kulalia. Picha yake mwenyewe, aliandika, ameiweka kwenye fremu ya zamani ya mama, nyuma ya ile ya harusi, kwa kuwa uso wa kijana yule ulienea vizuri mahali palipokatwa.

Jioni Dursun akaingia kwa roshani. Chini, dirisha likafunguliwa. "Kaka Necdet, kamba inakatika!" Bi Pakize akapiga kelele kwa furaha, maana alikuwa ameona kwenye simu ya mjukuu wake, na habari ya shuka safari hii hakuitaja.

Kulikuwa na baridi. Dursun alikuwa ametembea kifua wazi kwa miaka arobaini na zaidi, na Nezahat alipoikunjua fulana akaona jinsi alivyoitazama. Akamvalisha upande wa mikono, mgongoni ikagoma. Nezahat akamvua, akailaza mezani kifudifudi, akachukua mkasi, akatoboa nafasi mbili za mabawa, akazikunja ukingo kwa sindano zisije zikafumuka. Safari hii ikaenea.

"Imekukaa," akasema.

Dursun akafungua mdomo. "Kaka Necdet, kamba inakatika! Nishushe!" ikasema sauti, na watoto waliokuwa wakipita barabarani wakaitikia kwa kicheko. Midomo yake ilikuwa bado inasema lile lingine.

"Nimesikia, Dursun," Nezahat akasema.

Na kweli alikuwa amesikia, tangu mara ya kwanza. Akammiminia chai, akatia donge moja la sukari, akaurudisha mkasi kwenye droo.